Usingizi Unaanzia Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Kulala Vizuri kwa Tafakuri na Mazoea Bora, Nyanda za Juu Kusini

Wengi wanaojaribu tafakuri ili walale huanza usiku ule ule uliowashinda. Ni saa 7 usiku, jicho kavu. Mtu anafumba macho, anahesabu pumzi, na kila baada ya dakika mbili anajichungulia: nimeshalala? Ikifika saa 8 anakata tamaa na kuamua kwamba mambo hayo hayamfai.

Kosa liko kwenye mpangilio. Usingizi wa usiku hutegemea mambo matatu: muda ambao mwili umekaa macho tangu asubuhi, saa ya ndani ya mwili inayopangwa na mwanga, na utulivu wa akili. Tafakuri inagusa hilo la tatu tu. Aliyelala mchana saa mbili, akanywa chai ya majani jioni, kisha akaingia kitandani saa 2 usiku kwa sababu ya baridi, hawezi kuokolewa na pumzi.

Ndiyo maana hapa tunaanzia asubuhi, na tafakuri inakuja katika hatua ya sita. Fuata mpangilio bila kuruka. Tenga wiki nne hadi sita, na usipime mafanikio kwa usiku mmoja mmoja.

## Vitu vya kuandaa

Viandae vyote kabla ya usiku wa kwanza. Kutafuta soksi gizani saa 6 usiku ni kujiamsha kwa makusudi.

- Daftari dogo na kalamu.
- Saa ya kengele. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, mradi ikae upande wa pili wa chumba, mkono usipofika.
- Beseni na maji ya moto ya kuchanganya, yatakayofunika vifundo vya miguu.
- Soksi nene, safi, za kulalia tu.
- Mablanketi mawili kwa uchache, na la tatu kwa walioko Njombe, Makete au Mufindi kati ya Juni na Agosti. Moja kati ya hayo ni la kujifunika ukiwa umekaa kwenye kiti; sababu utaiona hatua ya kwanza.
- Kiti au kigoda kinachokuwezesha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili.
- Pazia zito au kitenge cha kuziba mwanga dirishani.
- Pamba safi au vizibo vya masikio, kama unaishi jirani na baa au kando ya barabara kuu ya Tunduma ambako malori hayalali.
- Chupa ya mpira ya maji ya moto, ukiipata.

## Hatua ya 1: Andika kwa wiki moja kabla ya kubadilisha chochote

Kila asubuhi andika mstari mmoja: saa uliyoingia kitandani, saa unayokadiria ulipitiwa na usingizi, mara ulizoamka, saa uliyoamka kabisa, na saa uliyotoka kitandani. Ongeza saa ya kikombe cha mwisho cha chai au kahawa, na pombe kama ilikuwepo.

Kadiria tu. Usitazame saa usiku ili upate hesabu kamili, kwani kutazama saa ni miongoni mwa mambo yanayofukuza usingizi: ukiona ni saa 8, akili inaanza kutoa na kujumlisha saa zilizobaki, na moyo unaanza kwenda mbio.

Huku kwetu daftari hufichua jambo moja mara kwa mara. Baridi ikianza, watu hukimbilia blanketi saa 2 au saa 3 usiku. Wako kitandani kwa ajili ya joto, simu mkononi, na wanatoka saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa tisa au kumi kitandani kwa mwili wa mtu mzima ambao kwa kawaida unahitaji saba hadi tisa, na wengine saba tu zinawatosha. Ziada hiyo haipotei bure. Inageuka kuwa usingizi wa mang'amung'amu, au kuamka saa 8 usiku na kukaa macho hadi majogoo.

Blanketi la kukalia ni kwa ajili hiyo. Jifunike ukiwa kwenye kiti, upate joto, kitanda kingoje.

Umefanikiwa ikiwa: una mistari saba, na unaweza kusema kwa wastani unakaa kitandani saa ngapi na unalala saa ngapi.

## Hatua ya 2: Funga saa ya kuamka, kisha tafuta mwanga

Chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote saba, Jumapili ikiwemo. Hata kama ulilala saa 9 alfajiri, kengele ikilia toka kitandani. Hili ndilo gumu kuliko yote katika mwongozo huu, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

Sababu yake ni hii: tangu unapoamka, uchovu wa usingizi huanza kujilimbikiza ndani ya ubongo, saa kwa saa. Ukiamka saa 12 asubuhi, ikifika saa 4 au saa 5 usiku mzigo umetosha. Ukijifidia kwa kulala hadi saa 4 asubuhi, usiku unaofuata mzigo haujatimia na utakesha tena.

Muislamu anayeamka kwa swala ya alfajiri ana nguzo tayari. Kama ana mazoea ya kurudi kulala baada ya swala, saa ya kufunga ni ile ya kuamka mara ya pili, na isibadilike.

Baada ya kuamka, mwili unahitaji mwanga wa nje kwa dakika 20 hadi 30. Hapa kuna jambo la kuzingatia kwa sisi tulio magharibi ya nchi. Mbeya na Dar es Salaam zinatumia saa moja, lakini jua la Mbeya linachelewa: Juni na Julai huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Anayeamka saa 11 alfajiri ana takriban saa mbili za giza. Asidhani kwamba taa ya chumbani imemaliza kazi. Atoke nje tena jua likishatoka, hata kama ni kutembea hadi kituo cha daladala au kufagia uwanja. Ukungu na mawingu si kisingizio, kwani mwanga wa nje siku ya mawingu bado unaizidi taa ya ndani mara nyingi sana.

Kinachoharibika: kulala mchana. Ukizidiwa, lala dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, na kengele imewashwa. Kochi la baada ya chakula cha jioni ni hatari zaidi; kusinzia robo saa mbele ya televisheni saa 2 usiku kunakula usingizi uliokuwa ukiungoja tangu asubuhi.

## Hatua ya 3: Kikombe, glasi na sahani

Tunaishi kwenye nchi ya chai na kahawa. Rungwe na Mufindi wanalima chai, Mbozi wanalima kahawa, na baridi inataka kitu cha moto mkononi. Kafeini iliyomo huziba ile ishara ya uchovu, na huondoka mwilini polepole: kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake huwa bado imo baada ya takriban saa tano. Kikombe cha saa 11 jioni kimebaki nusu ikifika saa 4 usiku. Mtu anaweza kulala nacho, lakini usingizi unakuwa mwepesi.

Kikombe cha mwisho cha kahawa kiwe kabla ya saa 6 mchana, na cha chai ya majani kabla ya saa 8 mchana. Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani kwa muda mrefu ni kali kuliko unavyodhani, kwa hiyo maziwa yasikudanganye. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva na bodaboda hutegemea, vihesabu kama kahawa. Jioni kunywa mchaichai, au tangawizi iliyochemshwa bila majani ya chai. Joto utalipata lile lile.

Kama umezoea vikombe vitano kwa siku, punguza kimoja kila siku mbili. Ukiacha ghafla kichwa kitauma.

Pombe inahitaji maneno ya wazi, kwa sababu wengi wanaitumia kama dawa ya usingizi. Iwe bia, komoni au ulanzi, inakuzimisha haraka na kukuamsha nusu ya pili ya usiku, pombe inapoisha mwilini. Juu ya hapo kuna kiu na kwenda kukojoa, na kukoroma kunazidi. Usiku unaokunywa, maliza masaa matatu au manne kabla ya kulala. Kwa wiki zote za mwongozo huu, ni bora kuacha kabisa ili daftari likuambie ukweli. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, maana anaweza kutetemeka au kupata degedege. Aanzie kituo cha afya.

Ugali mzito au nyama ya mafuta iliwe masaa matatu kabla ya kulala, hasa kwa mwenye kiungulia. Njaa nayo inaamsha; ndizi moja au kikombe kidogo cha uji saa moja kabla haina ubaya. Maji yapungue saa mbili za mwisho.

## Hatua ya 4: Chumba chenye joto bila moto

Soma sehemu hii hata kama nyingine utazipitia haraka.

Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba. Hata mara moja. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kushtuka.

Kinachowaponza watu ni moshi. Wanangoja mkaa uive, uwe mwekundu bila moshi, kisha wanaingiza jiko ndani wakiamini limekuwa salama. Gesi haihusiani na moshi unaouona. Mkaa mwekundu unaendelea kuitoa, na mkaa unaofifia chini ya majivu pia. Kuacha dirisha wazi kidogo hakuleti usalama, kwa sababu hakuna anayeweza kupima kwa macho kiasi kilichobaki ndani. Usiliweke hata koridoni usiku. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha.

Ukiona watu chumbani wanalalamika kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kukosa nguvu na kuna jiko ndani, toeni wote nje kwenye hewa safi kwanza, kisha wapelekeni hospitali. Usirudi kuzima jiko kabla ya watu kutoka.

Joto salama linapatikana hivi:

Anza chini. Baridi nyingi inakuja kutoka chini, hasa kwa godoro jembamba au lililolazwa kwenye sakafu ya saruji. Tandika blanketi moja chini ya shuka kabla ya kuongeza la juu. Godoro la sakafuni litandikiwe mkeka au maboksi yaliyokunjuliwa.

Anika. Matandiko yenye unyevu hayapashi joto. Tukuyu, ambako mvua haikatiki kirahisi, toa mablanketi na godoro kila jua linapochomoza vizuri. Hapo hapo kagua mishono ya godoro; vidoa vyeusi vidogo na mayai meupe ni kunguni, na hakuna tafakuri inayowashinda kunguni.

Tumia chupa ya maji ya moto kwa uangalifu. Maji yakichemka, yaache dakika chache. Jaza theluthi mbili, kandamiza hewa itoke, funga, pindua uone kama inavuja, ifunge kwa taulo. Iweke kitandani nusu saa kabla, na itoe unapoingia. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani haifai, inalegea na kumwaga. Wenye kisukari waliopungukiwa na hisia miguuni wasilale nayo kabisa, kwani wanaweza kuungua bila kujua.

Kichwa na pua zikiwa kwenye hewa ya baridi hakuna tatizo. Mwili hulala vizuri zaidi chumba kikiwa na ubaridi na matandiko yakiwa na joto. Kujifunika gubigubi hadi kichwani kunafanya hewa iwe nzito na kukuamsha.

Giza na kelele: ziba dirisha, ziba mianya ya mlango kwa nguo, weka pamba. Kama mnalala wengi chumba kimoja, kubalianeni saa ya kuzima taa.

## Hatua ya 5: Saa moja ya mwisho

Weka kengele ya kukukumbusha kwamba saa hiyo imeanza. Simu inakwenda kwenye chaji upande wa pili wa chumba, milio ya makundi imezimwa. Mwanga wa skrini una madhara yake, ila hasara kubwa iko kwenye yaliyomo: ujumbe wa deni, mabishano ya kundi la familia, matokeo ya mpira. Akili haipoi ndani ya dakika tano baada ya hayo.

Kisha fungua daftari. Upande wa kushoto andika yote yanayokusumbua. Upande wa kulia, kwa kila moja, andika hatua ndogo utakayoifanya kesho na saa yake. "Ada ya mtoto" ibadilike kuwa "saa 3 asubuhi nampigia mhasibu wa shule." Lisilo na la kufanya, andika "hakuna la kufanya kesho." Dakika kumi zinatosha. Funga daftari na uliweke nje ya chumba cha kulala kama kuna sehemu.

Sasa miguu. Changanya maji kwenye beseni mpaka yawe ya moto wa kupendeza. Jaribu kwa kiwiko, maana vidole vya mkono uliozoea jikoni havisemi kweli. Mwenye kisukari ajaribiwe na mtu mwingine. Kaa, jifunike lile blanketi la kukalia, tumbukiza miguu hadi juu ya vifundo kwa dakika 10 hadi 15. Maji yakipoa ongeza ya moto pembeni huku miguu umeitoa. Ngozi itakuwa nyekundu kidogo, au mishipa itatuna kwa kufunguka. Futa kabisa, hasa katikati ya vidole, vaa soksi palepale.

Inaonekana ni jambo dogo, lakini lina mantiki. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili linapaswa kushuka kidogo. Damu ikienda miguuni, joto la ndani linapata njia ya kutokea. Miguu ya barafu inaifunga njia hiyo, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mablanketi matatu na bado akakaa macho.

## Hatua ya 6: Tafakuri

Kwa wiki mbili za kwanza fanya mchana au jioni mapema, kwenye kiti, na si kitandani. Lengo ni kujifunza kurudisha akili. Ujuzi huo ukishakaa ndipo unapoupeleka kitandani. Anayejifunza kuendesha gari hapelekwi mteremko wa Kitonga siku ya kwanza.

### Zoezi la kwanza: kuhesabu pumzi, dakika 10

1. Kaa, mgongo umenyooka bila kukazwa, nyayo zote mbili sakafuni, mikono mapajani. Weka kengele ya mlio mpole dakika 10.
2. Fumba macho, au tazama sakafu hatua moja mbele yako.
3. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo mara tano au sita tu, kisha iache pumzi iende yenyewe. Hakuna haja ya kuibana.
4. Sasa hesabu kila unapotoa pumzi: moja, mbili, mpaka kumi. Ukifika kumi rudi moja.
5. Akili itaondoka. Itakwenda sokoni Mwanjelwa, itakwenda kwa bosi, itakwenda kwa maneno uliyoambiwa jana. Ukigundua, sema moyoni "nawaza," na urudi kwenye moja. Bila kujilaumu.

Namba ya tano hapo juu ndiyo zoezi lenyewe. Wanaoanza hudhani wameshindwa kwa sababu hawafiki kumi. Asiyefika hata nne kwa dakika kumi, lakini amerudi mara thelathini, amefanya kazi nzuri kuliko aliyefika kumi huku akiwaza mambo mengine.

Kwa anayeogopa kwamba hii ni ibada ngeni: ni kukaa na kufuatilia pumzi, basi. Ukipenda, badala ya namba tumia neno moja la sala yako au la dhikri kila unapotoa hewa. Linafanya kazi ile ile, na kwa wengi linashika vizuri zaidi.

Kinachoharibika na tiba yake:

*Kizunguzungu, midomo au vidole kufa ganzi.* Unavuta hewa nyingi kupita kiasi. Acha kuiongoza pumzi, iende yenyewe. Hutokea sana kwa wanaojilazimisha kupumua kwa kina.

*Unasinzia kwenye kiti.* Una deni la usingizi. Fanya macho yakiwa wazi, au mapema zaidi.

*Unapandwa na hofu, au kumbukumbu mbaya inakujia.* Fungua macho, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja vitu vitano unavyoviona chumbani. Usiendelee siku hiyo. Ikijirudia, acha zoezi hili na uzungumze na mtaalamu wa afya ya akili. Si kila mtu anafaa kufumba macho na kukaa na mawazo yake peke yake.

Umefanikiwa ikiwa: baada ya wiki mbili unagundua mapema zaidi kwamba umetekwa na mawazo, hata ukiwa unapika au uko kwenye daladala. Utulivu si kipimo. Siku nyingine utainuka na akili ile ile yenye vurugu.

### Zoezi la pili: kuupitia mwili, kitandani, kuanzia wiki ya tatu

Lala chali, au kwa ubavu kama unakoroma. Peleka fikra kwenye vidole vya mguu wa kulia. Je, vina joto? Soksi inabana? Kaa hapo kwa pumzi tatu. Unapotoa ya tatu, viachie vilegee, kisha panda: unyayo, kifundo, shavu la mguu, goti, paja. Rudia kushoto. Halafu nyonga, tumbo, kifua, mabega, mikono hadi vidoleni, shingo, taya, macho, paji la uso.

Taya na mabega ndipo watu wa baridi tunapobeba mzigo. Tunajikunyata mchana kutwa na kung'ata meno bila kujua. Tenganisha meno ya juu na ya chini, ulimi ulegee mdomoni, mabega yashuke kutoka masikioni. Kaa hapo kwa pumzi kumi badala ya tatu.

Usijiulize kama unalala. Kazi yako ni kupita mwilini, na ukifika kichwani bila kulala, anza tena miguuni. Wengi hawajui walipoishia, na ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 7: Kitanda kiwe cha kulalia

Kitanda kina kazi mbili: usingizi na mambo ya wanandoa. Simu, hesabu za duka, kusahihisha madaftari na chakula vina mahali pengine. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga, na kitanda ndicho kochi lake, atandike kitambaa cha rangi nyingine juu ya kitanda mchana na akae kwenye kigoda au mkeka. Kitambaa kikiondolewa usiku, mwili unajifunza.

Ingia kitandani ukisinzia, siyo ukiwa umechoka tu. Kusinzia ni macho kuwa mazito na kichwa kuanguka. Kuchoka ni miguu kuuma baada ya kulima.

Ukikaa macho kwa kinachokaribia dakika 20, au ukianza kukasirika, toka. Jifunike blanketi la kukalia, kaa kwenye kiti kwenye mwanga hafifu, hesabu pumzi au soma kitu kisicho na msisimko. Rudi macho yakiwa mazito. Ikikataa, toka tena. Usiku wa baridi hili linachukiza, na ndipo wengi wanapoliacha. Lakini ubongo uliozoea kuhangaika kitandani unahitaji kufundishwa upya, na hauna njia nyingine ya kujifunza.

## Hatua ya 8: Kata muda wa kitandani

Fanya hivi iwapo baada ya wiki tatu bado unakaa macho muda mrefu usiku.

Chukua wastani wa saa unazolala kutoka kwenye daftari, ongeza nusu saa. Huo ndio muda wako wote wa kitandani. Mfano: unalala masaa 6 kati ya 9 unayokaa kitandani. Muda wako wa kitandani ni masaa 6 na nusu. Ukiamka saa 11 na nusu alfajiri, unaingia kitandani saa 5 usiku, si kabla. Usishuke chini ya masaa 5 na nusu hata kama daftari linasema unalala manne.

Kila baada ya wiki, gawanya dakika ulizolala kwa dakika ulizokaa kitandani, zidisha kwa 100. Ukipata 85 au zaidi, ongeza dakika 15 mwanzoni mwa usiku. Kati ya 80 na 85, baki hapo. Chini ya 80, punguza dakika 15.

Wiki mbili za kwanza utasinzia mchana. Hatua hii haifai bila daktari kwa mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, mjamzito, wala dereva wa lori, basi au bodaboda. Kusinzia kwenye Mlima Nyoka hakuna marekebisho.

## Kwa walinzi, wauguzi na wengine wa zamu za usiku

Vaa kofia ya ukingo na miwani ya giza ukirudi nyumbani asubuhi, isipokuwa unaendesha chombo mwenyewe. Ingia kitandani mapema, ziba dirisha kabisa, lala saa zile zile kila siku ya zamu. Kahawa iwe nusu ya kwanza ya zamu tu. Siku ya mapumziko usigeuze ratiba nzima. Sogeza kwa saa mbili au tatu.

## Dawa, na wakati wa kwenda hospitali

Piritoni si dawa ya usingizi. Inalewesha, mwili unaizoea ndani ya siku chache, na asubuhi kichwa kinabaki kizito. Valium ya kununua kiholela ni hatari zaidi, na anayeitumia muda mrefu asiiache ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Daktari ataipunguza polepole.

Dawa nyingine zinaondoa usingizi kwa sababu ya saa zinapomezwa. Prednisolone na dawa za presha zinazokojoza zinafaa asubuhi. ARV zenye dolutegravir huwanyima baadhi ya watu usingizi, na mara nyingi kuhamishia dozi asubuhi kunasaidia. Mwambie muuguzi wa CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) kabla ya kubadilisha saa, na usiruke dozi kamwe.

Nenda kituo cha afya ikiwa:

- Unakoroma kwa nguvu, mwenza wako anaona pumzi ikikatika, na mchana unasinzia. Godoro jipya halitibu hilo.
- Miguu inawasha au kutaka kutikiswa kila ukilala. Omba upimwe damu na madini ya chuma.
- Unaamka kukojoa mara tatu au zaidi. Pima sukari, mwanaume wa makamo aulize pia kuhusu tezi dume.
- Unatoka jasho la kulowesha shuka, unakohoa kwa wiki mbili au unapungua uzito. Pima kifua kikuu.
- Huzuni, kukosa hamu ya kila kitu au mawazo ya kujiua yameambatana na kukosa usingizi. Nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako. Hospitali za rufaa za mikoa na ile ya Kanda Mbeya zinapokea wagonjwa wa aina hii.

## Usingizi ukivurugika tena

Utavurugika: msiba, mtoto mgonjwa, msimu wa kuvuna, safari ya kukesha kwenye basi. Usiku mmoja au mitatu mibaya haihitaji chochote zaidi ya kuamka saa ile ile na kutolala mchana. Ikizidi wiki, fungua daftari, andika siku saba, na uanze upya kuanzia hatua ya 2. Mara ya pili huchukua muda mfupi, kwa sababu ujuzi wa kurudisha akili tayari unao. Blanketi la kukalia usiligawe baridi ikiisha.